Uji wa Mwezi wa Nne

Rukwa haitajwi pale inapotajwa mikoa yenye njaa. Hutajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, mikoa minne ya nyanda za juu za kusini ambayo kwa miaka mingi imeitwa ghala la taifa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa Sumbawanga kwa sababu mahindi yako hapa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulipopima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano, Rukwa ilishika nafasi ya kwanza nchini kwa udumavu: asilimia 56, wakati wastani wa taifa ulikuwa 34. Utafiti uliporudiwa mwaka 2022 wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 30, na Rukwa ilikuwa bado kwenye 50 au pungufu kidogo sana. Mtoto mmoja kati ya wawili ni mfupi kuliko umri wake, na hayo yanatokea mahali ambapo malori hupanga foleni kupakia nafaka. Nyumba iliyokosa chakula kabisa inaweza kuzaa hesabu hiyo, lakini sisi hatuishi katika nyumba hiyo. Lazima tutafute sababu nyingine, na mojawapo imo katika uamuzi ambao kila nyumba ya hapa mtaani kwetu Kizwite huufanya bila kikao: ni siku gani mtoto mchanga anaonjeshwa uji kwa mara ya kwanza.

Jibu la kliniki linajulikana na kila mama aliyewahi kukaa kwenye benchi akisubiri mzani: miezi sita. Maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka mtoto atimize miezi sita. Kisha chakula cha nyongeza, huku kunyonya kukiendelea hadi miaka miwili au zaidi. Ninalikubali jibu hilo, na sehemu ya mhadhara huu ni kulitetea. Lakini likitolewa kama tarehe tupu linakuwa nusu ya jibu. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Ufipa uji anaopewa mtoto wa miezi minne na uji anaopewa mtoto wa miezi tisa ni uji uleule: sembe kiasi cha mkono, maji tele, sukari ikiwapo. Kwa wa miezi minne umewahi. Kwa wa miezi tisa hautoshi. Sufuria moja inafanya makosa mawili, na ndiyo maana hatuwezi kuuliza “lini” leo na kuahirisha “nini” mpaka kesho. Mama anayeambiwa angoje miezi sita, halafu akaachwa na sembe yake na maji yake, ameahirishiwa tatizo kwa wiki nane tu.

Tarehe yenyewe haikushuka kutoka mbinguni, na ni vyema tujue ilikotoka. Kabla ya mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto aanzishiwe chakula kati ya miezi minne na sita, ushauri mpana ambao kila mtu aliuvutia upande wake. Mwezi Mei mwaka huo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukakaza kamba: miezi sita. Miongoni mwa ushahidi uliotumika ni ule wa Belarus, ambako mtafiti Michael Kramer na wenzake walifuatilia maelfu ya watoto na kuona kwamba walionyonya tu kwa miezi sita waliugua maambukizi ya tumbo kidogo kuliko walionyonya tu kwa miezi mitatu kisha wakachanganyiwa, na ukuaji wao haukupungua. Tukumbuke kwamba Belarus ina maji ya bomba na hospitali karibu. Kama tumbo la mtoto liliona tofauti kule, sisi tunaochemsha maji kwa kuni na mara nyingine tunaacha kuyachemsha kwa sababu kuni zimekwisha tuna sababu kubwa zaidi ya kungoja. Ushahidi mwingine, ambao kwangu ndio mzito, ulitoka Honduras na kuchapishwa mwaka 1994. Watoto 141 waligawanywa kwa kura walipofika miezi minne: wengine wakaendelea na maziwa ya mama pekee, wengine wakapewa pia chakula kizuri, safi, kilichotolewa na watafiti wenyewe. Walipofika miezi sita makundi yote yalikuwa yamekua sawa. Waliopewa chakula walikuwa wamepunguza kunyonya kwa kadiri ya kile walichokula. Chakula hakikujaza nafasi iliyokuwa wazi. Kilifukuza maziwa na kukaa mahali pake.

Hapo ndipo hesabu ya uji inapoanza kuuma. Mililita 100 za maziwa ya mama zina nishati ya kilokalori 65 hadi 70 hivi. Uji mwepesi, ule unaomiminika vizuri kutoka kwenye kikombe, huwa na unga gramu tano hadi kumi katika kipimo hichohicho, na kwa kuwa gramu ya unga wa mahindi ina kilokalori tatu na nusu hivi, uji huo una kilokalori 18 hadi 35. Maana yake ni kwamba kila kikombe cha uji kinachomfanya mtoto wa miezi minne aache ziwa kinampa nusu ya alichoacha, au robo. Tena tumehesabu nishati peke yake. Hatujagusa protini, mafuta, wala kinga ambazo maziwa hubeba na uji haubebi. Watu husema uji ni mzito na maziwa ni maji. Mzani unasema kinyume, na ningependa hesabu hii ipigwe kwa mkaa kwenye ukuta wa kila jiko, maana hakuna mahubiri yatakayofanya kazi yake.

“Lakini mtoto analia.” Pingamizi hili ndilo la kwanza kila mahali na halistahili kudharauliwa, kwa sababu anayelitoa ndiye anayekesha. Utafiti wa 2015–16 unaonyesha jinsi linavyofanya kazi nchi nzima: katika miezi miwili ya kwanza asilimia 84 ya watoto walikuwa wakinyonya tu, wenye miezi miwili na mitatu, 59, wenye miezi minne na mitano, 27. Maporomoko hayo hayatokani na akina mama kukauka wote kwa pamoja. Yanatokana na tafsiri. Mtoto mchanga hulia kwa baridi, na usiku wa Juni hapa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi si jambo la kubuni. Hulia kwa gesi, kwa usingizi, kwa kutaka kubebwa. Kuna majuma anayotaka kunyonya kila baada ya muda mfupi, na kunyonya huko ndiko kunakoagiza maziwa zaidi, kwa kuwa ziwa hutengeneza kulingana na linavyotolewa. Bibi anayempa kijiko cha uji katika juma hilo anaona mtoto ametulia na kulala, na anaamini amethibitisha. Kilichotokea ni kwamba ziwa halikuagizwa, kesho litatoa pungufu, na keshokutwa maneno ya bibi yatakuwa kweli. Uji umetengeneza upungufu uliodaiwa kuuponya. Shahidi wa kuaminika ni kadi ya kliniki: kama mstari wa uzito unapanda na nepi zinalowa mara kadhaa kwa siku, maziwa yanatosha hata kama kilio kinasema vingine. Kama mstari umelala, basi kuna kazi ya kufanya, na kazi ya kwanza ni kutazama jinsi mtoto anavyolishika ziwa na mara ngapi ananyonya, mchana na usiku, kabla ya kutazama sufuria.

Wengine watasema sisi wenyewe tulipewa uji tukiwa na miezi mitatu, na tupo. Tupo, ndiyo. Waliokufa hawakai kwenye mikutano. Na kati yetu tuliopo, kwa hesabu za mkoa huu, wengi ni wafupi kuliko tulivyokusudiwa kuwa, jambo ambalo hatulioni kwa sababu jirani naye ni mfupi.

Pingamizi lenye elimu zaidi huja kutoka kwa waliosoma. Wanasema Ulaya wataalamu wanaruhusu chakula baada ya miezi minne, wanachosisitiza ni kisichelewe kupita sita. Na kwamba mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kuwa watoto walio katika hatari ya mzio wa karanga walipoonjeshwa karanga mapema, kati ya miezi minne na kumi na mmoja, mzio ulipungua sana. Yote hayo ni kweli. Lakini utafiti wa karanga ulihusu watoto waliochaguliwa kwa sababu tayari walikuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai, katika jamii ambayo mzio wa karanga umekuwa tatizo la shule na hospitali. Tatizo la shule zetu ni jingine. Na ruhusa ya Ulaya inasimama juu ya maji safi, jokofu, na vyakula vya watoto vilivyoongezwa madini ya chuma. Hapo kwenye chuma, hata hivyo, nakiri kwamba wapinzani wameshika kitu. Maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mtoto huishi kwa akiba aliyozaliwa nayo, na akiba hiyo huelekea kwisha karibu na mwezi wa sita, mapema zaidi kwa aliyezaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Lakini uji wa sembe hauna dawa ya hilo. Mahindi yana chuma kidogo na yana kemikali inayokifunga kisifyonzwe, hivyo kumpa sembe mtoto wa miezi minne kwa ajili ya damu ni sawa na kumtuma kisimani na ndoo iliyotoboka. Akiba hujazwa mapema zaidi: mama akimeza vidonge vya kuongeza damu wakati wa ujauzito, mkunga akingoja dakika moja hadi tatu kabla ya kufunga kitovu, na mtoto njiti akipewa matone ya chuma kwa ushauri wa mhudumu. Mtoto wa namna hiyo, na mwenye maradhi ya kudumu, ana kalenda yake na hastahili kupimwa kwa bango la ukutani.

Kuna somo jingine tulilolipa kwa bei kali. Ilipogundulika kwamba virusi vya Ukimwi hupita katika maziwa ya mama, ilionekana busara kuyapunguza na kuchanganya. Mwaka 1999 utafiti wa Durban ukaonyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine katika miezi mitatu ya kwanza waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Leo mama anayetumia dawa vizuri anashauriwa kunyonyesha tu kwa miezi sita kama wengine wote.

Sasa tuvuke mwezi wa sita, maana wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Mtoto amekaza shingo, anakaa akishikiliwa kidogo, ulimi hausukumi kijiko nje, mkono unafuata sahani ya mkubwa. Kati ya miezi sita na minane anahitaji kutoka kwenye chakula kilokalori 200 hivi kwa siku juu ya maziwa; kati ya tisa na kumi na mmoja, 300; baada ya mwaka, 550. Tumbo lake linabeba mililita 200 na kidogo kwa mlo mmoja. Mwenye miezi saba akipewa uji wa kilokalori 30 kwa mililita 100 itabidi anywe karibu mililita 700 kwa siku, na akizinywa hatakuwa na nafasi ya kunyonya. Mwenye miezi kumi itabidi anywe lita nzima. Hawezi. Atashiba kabla hajalishwa, na mama atasema kwa haki kabisa kwamba mtoto amekataa. Ukiongeza unga ili uji uwe na nguvu, unakuwa ugali na haumezeki. Mtego huu uliwashughulisha watafiti wa Tanzania mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mosha na Svanberg walichapisha kazi kuhusu unga wa nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, ambacho kijiko chake kimoja kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo huulegeza mpaka unyweke, bila kupunguza unga uliomo, kisha huchemshwa tena. Taasisi ya Chakula na Lishe ikakitangaza. Ajabu ni kwamba Ufipa haikuhitaji kufundishwa kuotesha ulezi. Mwanamke anayejua kuandaa kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, anajua kimea kuliko mtaalamu yeyote. Anajua siku za kuloweka, kuotesha na kuanika, na anajua kinavyougeuza uji ndani ya chungu. Tumeipeleka elimu hiyo yote kwenye pombe ya wazee, na mtoto tumemwachia maji ya sembe.

Vingine navyo viko karibu. Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti yanayokamuliwa hapahapa kinaongeza kilokalori 40, ambazo ni zaidi ya zile zilizokuwa katika mililita 100 za uji wote. Maharage yaliyolowekwa usiku, yakapikwa, yakapondwa na kuchujwa maganda. Dagaa wa Kasanga na Kirando, waliosagwa na vichwa vyao. Yai, ambalo katika nyumba nyingi hupita mbele ya mtoto likienda sokoni. Mboga za majani zilizokatwa laini. Kuhusu ule unga wa lishe wa dukani wenye nafaka na mikunde saba au nane ndani ya mfuko mmoja, nina mashaka: maharage na mahindi haviivi kwa muda mmoja, na karanga mbichi zikisagwa na kukaa hualika ukungu. Sumu kuvu si hadithi ya Dodoma pekee, ambako mwaka 2016 iliua watu. Martin Kimanya na wenzake walipowafuatilia watoto wa Rombo, wale waliokula mahindi yenye kiwango cha juu cha sumu iitwayo fumonisini walikuwa, walipofika mwaka mmoja, wafupi kwa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Mtoto asiyeanza uji hali mahindi. Anayeuanza mwezi wa tatu anaongezewa miezi mitatu ya sumu hiyo kama imo ghalani. Kwa hiyo kuchambua punje zilizooza, kuanika hadi zikauke na kuhifadhi vizuri ni sehemu ya kulisha mtoto, na mara nyingi ni kazi ya baba.

Pingamizi lililobaki ndilo zito kuliko yote, na linatoka shambani. Mama anasema: nimekuelewa, lakini palizi hainingoji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni majuma kumi na mawili. Sheria yenyewe, kwa maneno mengine, inafikia miezi mitatu na kuziachia saa hizo mbili mzigo wa miezi mitatu iliyobaki. Na anayeuza mbogamboga sokoni au kulima vibarua hapati hata hizo. Basi tusishangae kuona maporomoko yakianza palepale. Uji wa mwezi wa nne, ukitazamwa kwa macho ya mwanamke mwenye shamba la mbali, ni mbadala wa mwili wake: unaweza kuachwa nyumbani na dada wa miaka tisa. Kumwambia mwanamke huyo kwamba hajaelimika ni kukosa adabu. Ameelimika sana, ila hana nafasi. Maziwa ya kukamuliwa, yakiwekwa kwenye chombo kilichochemshwa na kufunikwa, hukaa salama saa kadhaa kivulini katika ubaridi wetu, na yanaweza kunyweshwa kwa kikombe. Hilo linapunguza tatizo, haliliondoi. Kinacholiondoa ni mikono mingine shambani, na hapo mhadhara unawageukia mume na mama mkwe, ambao kwa kawaida ndio wanaoamua nani aende palizi na nani abaki.

Si ndoto. Programu ya lishe ya Iringa, iliyoendeshwa na serikali pamoja na WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, ilianza katika vijiji 168 miaka ya 1983 na 1984. Watoto walipimwa hadharani kila robo mwaka, kisha serikali ya kijiji iliketi na kuuliza kwa nini huyu amepungua. Mara nyingi jibu lilikuwa idadi ya milo na kazi za mama, na vijiji vikaanzisha mahali pa kulishia watoto wakati wazazi wako shambani. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka karibu asilimia 6 hadi chini ya 2 kufikia 1988. Iringa hiyohiyo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kwa udumavu, 57. Uzito na urefu ni vipimo viwili tofauti, na ile mikutano ya kuulizana haikudumu. Wanaoitaja Iringa kama hadithi ya ushindi wangetaja na hilo.

Kwa hiyo swali la “lini” hapa Kizwite lina kalenda mbili, ya mtoto na ya mvua, na hazikutani sawa kwa kila mtoto. Aliyezaliwa Desemba anatimiza miezi sita Juni, mahindi yakivunwa, maharage mapya yako ndani, mama yuko karibu na nyumba. Aliyezaliwa Julai anatimiza miezi sita Januari: palizi imepamba moto, ghala limepungua, mvua zinachafua visima, na kuharisha kumeongezeka. Wa pili ndiye anayeanzishiwa mapema kwa sababu ya shamba na kulishwa vibaya kwa sababu ya msimu. Maharage yake ya Januari yanavunwa kabla hajazaliwa, dagaa wake wanakauka vizuri katika jua la Septemba, na ulezi wa kimea chake unaweza kuoteshwa na kuanikwa Oktoba. Ujauzito wake ulijulikana tangu mwaka uliotangulia. Debe moja la maharage lingeweza kufungwa na kuandikwa jina lake kabla ya mnunuzi wa kwanza kufika.